Daraja Lisilo na Gundi

Nilisikia mlio mdogo tu, kama wa kifungo cha shati kinapodondoka sakafuni, na mwili mzima ukanifa ganzi. Nilijua ni nini kabla sijatazama. Daraja la gitaa la besi lilikuwa limeanguka.

Kwa asiyejua kazi yetu, huo si msiba. Daraja ni kipande cha mti mweusi kisichozidi kidole changu, kinachobeba nyuzi nne juu ya tumbo la besi. Kwenye magitaa mengi hufungwa kwa skrubu, hata uligonge halisogei. Lakini besi hii ilikuwa ya zamani, ya shingo fupi na tumbo tupu, imetengenezwa wakati mjomba wangu bado anavaa kaptula ya shule, na daraja lake halikuwa na skrubu wala gundi. Lilisimama kwa kukandamizwa na nyuzi, basi. Ukilegeza nyuzi zote nne linaanguka, na likianguka huondoka na siri ya mahali lilipokuwa limesimama.

Mjomba ana msemo wake wa kuhusu hilo: mwenye tumbo tupu havuliwi nguo zote kwa mpigo. Unalegeza nyuzi mbili, unabandika utepe wa karatasi pande zote mbili za daraja, ndipo uguse nyingine. Nimeifuata kanuni hiyo miaka tisa bila kukosea. Siku hiyo niliisahau kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye vigingi vya kulegezea nyuzi, na mwingine umeshika simu yenye ujumbe wa Kimya: *Mama anakuja kuichukua mwenyewe. Saa tisa. Anataka kukuona.*

Ilikuwa saa saba na robo.

Kimya ni mpiga besi wa bendi ya hoteli. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kuwa anaweza kukaa mezani saa nzima asiseme neno, kisha akasema moja mkabaki nalo wiki nzima. Alikuja kwenye duka la ufundi la mjomba miezi minane iliyopita na waya wa kipaza sauti uliokatika. Baada ya hapo vitu vyake vikawa vinakatika kila Jumatano. Mjomba alisema hajapata kuona bendi yenye mikosi namna ile, na mimi nikainamia kazi yangu ili asione ninavyocheka. Jumatano moja alikuja mikono mitupu, akasimama mbele ya meza yangu na kusema leo hakuna kilichoharibika. Nikampenda hapo hapo, na nikaanza kuogopa hapo hapo.

Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeshaolewa na nikarudishwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliona ung'ongo kila mahali.

Hata dukani neno hilo lilinifuata. Kazi iliyotoka kwetu kisha ikarudi na kasoro ile ile, mjomba alizoea kuiita mtalaka. "Leo tuna watalaka wangapi?" alikuwa akiuliza asubuhi huku akifungua madirisha, nasi tukicheka. Tangu siku niliyoteremka mlangoni pake na sanduku langu moja, hajalitamka tena. Sasa husema "kile kilichorudi", huku anatazama pembeni. Hisani yake hiyo huniuma kuliko neno lenyewe.

Na huyo mama aliyekuwa anakuja ni mjane, fundi cherehani, aliyemlea mwanawe wa pekee kwa mguu wa kulia juu ya kikanyagio. Besi ilikuwa ya marehemu mumewe. Kwa miaka kumi na miwili ilikuwa imelala ndani ya kabati lake, imevikwa mfuko wa kitambaa cha mapazia alioushona mwenyewe, na aliiita "mke mwenzangu". Miezi yote hiyo alikataa kuniona. Alimwambia mwanawe kwamba mwanamke aliyerudishwa ana sababu yake, akamuulize kwanza. Kimya hakuwahi kuniuliza. Lakini hakunificha msimamo wake pia. "Siwezi kuoa bila mama kuridhia," aliniambia, macho yake yakiwa ndani ya yangu. "Nikikwambia naweza, nitakuwa nimekuanza kwa uongo."

Kisha wiki hiyo yule mama alifungua kabati na kumpa mwanawe besi, ije itengenezwe waya wa ndani uliokufa. Sikuhitaji kuelezwa maana yake. Alikuwa ananipima.

Waya wenyewe nilishaumaliza. Sasa nilikuwa nimeshika daraja kiganjani, na tumbo la besi linanitazama na alama zake. Nilitegemea kukuta kivuli kimoja cha daraja kwenye vanishi, nilirudishe hapo na mambo yaishe. Nilikuta vitatu. Lilikuwa limesimama sehemu tatu tofauti katika maisha yake, na hakuna aliyeandika ipi ilikuwa ya mwisho.

Nilijaribu cha kwanza. Nikakaza nyuzi, nikaweka mashine ya kupimia sauti, mshale ukayumba. Zilikuwa nyuzi za zamani mno, zimechoka, hazikuwa na jibu moja. Nikalegeza, nikajaribu cha pili. Uzi mwembamba ukakubali, mnene ukakataa. Nikajaribu cha tatu, mnene ukakubali, mwembamba ukakataa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye nyusi. Kwa siku ya kawaida ningelipata, kwa utulivu, baada ya saa moja au mbili. Lakini mikono ilitetemeka na saa ya ukutani haikunihurumia.

Mjomba alikuwa hatua sita kutoka kwangu, amefungua redio ya mteja na kuipuliza vumbi. Ningemwita angekuja, angenisema kidogo na kunisaidia. Sikumwita. Niliogopa atatafuta neno la upole la kuiita hali ile, huku akiangalia pembeni.

Nikalirudisha daraja kwenye kivuli kilichokoza kuliko vingine, nikakaza nyuzi, nikaifuta besi vumbi. Ilipendeza sana. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia imekwisha.

Kimya alifika saa nane na nusu, kabla ya mama yake, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alimwamkia mjomba, akaja mezani kwangu, akanitazama kwanza mimi kisha besi. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo, na haukumuumiza mtu.

"Unatetemeka," alisema.

"Baridi."

"Hakuna baridi."

"Basi namwogopa mama yako. Umeridhika?"

Alitabasamu, tabasamu lake lile la upande mmoja ambalo hunifanya nisahau nilichokuwa nakisema. Akasema hata yeye humwogopa, na ana miaka thelathini na mitatu. Akaichukua besi, akaipakata kama mtu anayepakata mtoto wa mwenzake, akaichomeka kwenye spika. Ile shingo fupi ilimwenea mkononi. Alipiga uzi mmoja, kisha mwingine, kisha akapanda juu ya shingo taratibu, na nilimwona akisita. Akarudia pale pale.

"Mbona kama imeamka na mafua?" aliuliza.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ananitazama bila shaka yoyote, anauliza tu kama mtu anavyomuuliza fundi wake, na maneno mawili yangetosha: limeanguka.

"Nyuzi zinahitaji kutulia," nikasema. "Zimekaa sana kabatini."

"Aa," alisema. Akaniamini, na kuniamini kwake kukanichoma kama pasi ya kulehemu.

Saa tisa kamili mlango ukasukumwa. Nilitegemea mwanamke mkubwa, sijui kwa nini. Aliingia mwanamke mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na futikamba shingoni kama ametoka kwenye cherehani dakika hiyo hiyo. Nikapiga goti kidogo na kumwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunipa mkono, kwa kuwa alikuwa anavitazama vidole vyangu, vyenye makovu ya risasi ya kulehemu. Mjomba alimvutia kiti. Akashukuru, akasema kazi yake ni ya kukaa, akitoka nje hupenda kusimama.

"Nimemfuata mke mwenzangu," akasema. "Apigwe nimsikie."

Kimya akapiga. Mama yake alifumba macho. Kwa muda kidogo uso wake ukawa wa msichana, na nikaelewa kwamba haidhuru alivyoiita, besi ile alikuwa anaipenda. Kisha mwanawe akapanda juu ya shingo, na yale macho yakafumbuka.

Mjomba aliacha kuipuliza ile redio.

"Fundi anasema nyuzi zinahitaji kutulia, mama," Kimya akasema.

"Nyuzi za miaka kumi na miwili?" Mama alivaa miwani. "Zingekuwa mtoto zingekuwa darasa la sita. Zitulie nini tena?"

Kimya alinigeukia. Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. Alikuwa na lile swali usoni ambalo niliwahi kuliona kwenye uso mwingine, siku ya mwisho katika nyumba nyingine. Nilianza kuhesabu moyoni vitu vyangu vilivyoko kwake: kitabu, mwavuli, sweta la kijivu. Mtu aliyerudishwa mara moja huhesabu haraka.

"Kaniletee uzi mweusi wa cherehani duka la jirani," mama akamwambia mwanawe.

"Mama, uzi mweusi unao nyumbani."

"Basi kaniletee mweupe."

Kimya akaweka besi mezani na kutoka, huku akinitazama mpaka mlango ulipojifunga. Mjomba naye akakumbuka ghafla kwamba kuna betri uani inayohitaji kuangaliwa. Tukabaki wawili, na besi katikati yetu.

"Sema," alisema mama.

Nilitaka kusema nyuzi. Nakiri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilimtazama nikaona kwamba anajua, na kwamba hakuwa anasubiri kujua bali kusikia.

"Nililegeza nyuzi zote kwa pamoja. Daraja likaanguka. Sijui lilikuwa limesimama wapi, nimelikisia. Mwanao aliponiuliza, nikamdanganya."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya vivuli vile vitatu kwenye vanishi, kimoja baada ya kingine.

"Na kule kwa mume wako," alisema, "ulirudishwa kwa kosa gani? Mwanangu ana aibu ya kuuliza. Mimi sina."

Swali lenyewe lilikuwa limefika, lile nililolikimbia miezi minane. Nilijua kwamba nikijibu vibaya nitampoteza Kimya kabla hajarudi na uzi. Niliwaza kumwambia kwamba yule mwanamume alikuwa mkali, jambo ambalo ni kweli, na kuishia hapo.

"Alinikataza kazi hii," nikasema. "Nikamkubalia, kisha nikaendelea kuja huku kwa siri, miezi mitano. Alipoona makovu ya vidole nilisema ni mafuta ya kukaangia. Siku moja akanifuata, akanikuta nimekaa hapa hapa. Aliniambia kazi angeweza kunisamehe. Mafuta hayasameheki."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari ya mafuta, hata mjomba.

Mama alivuta kiti alichokataa mwanzoni, akakaa.

"Mficha uchi hazai," alisema, lakini si kwa ukali. "Ningekuoza mwenyewe kwa mwanamume asiyekataza kazi. Ila huyo uliyempata, ukimwambia mafuta ya kukaangia ataamini mpaka anazeeka. Hapo ndipo hatari ilipo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Baba yake naye alikuwa analegeza zote kwa pamoja."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kila alipobadilisha nyuzi. Miaka ishirini na sita. Linaanguka, anatukana, analikisia, anakwenda kupiga na mafua hayo hayo." Akavua futikamba shingoni. "Mara ya tatu nikachoka. Safari hiyo alibahatisha likasimama vizuri, akalala. Nikalipima. Tangu hapo yeye anaangusha, mimi nasimamisha akiwa bafuni, na huko nje anawaambia watu ni sikio lake. Alilisifu sana hilo sikio. Hata kwenye mazishi watu walilisifu. Shika upande huu."

Nikashika ncha ya futikamba pale kichwani, kwenye kipande cha mfupa ambako nyuzi huanzia. Yeye akaivuta mpaka kwenye tumbo. Vidole vyake vilikuwa vikavu na imara. Nikalegeza nyuzi mbili tu safari hii, na zile mbili nyingine nikazipunguza kidogo.

"Inchi thelathini na nusu kwa uzi mwembamba," alisema. "Thelathini na nusu na robo kwa mnene. Limekaa upogo, kama kola iliyoshonwa na mwanafunzi. Ukilinyoosha, linakataa."

Nilikuwa nimelinyoosha. Mara zote tatu nilikuwa nimelinyoosha, kwa kuwa hofu hupenda vitu vilivyonyooka. Nikalisukuma kwa kidole gumba, nukta moja, nukta nyingine, mpaka akasema hapo. Nikakaza nyuzi. Ile sauti ya kwanza ilipotoka, nene, ya duara, haina mafua hata chembe, yule mama aligeuza uso akawa anatazama ukuta wa magitaa. Nikajishughulisha na kigingi kilichokuwa kimeshakazwa.

"La sikio la baba yake usimwambie," alisema akiwa bado ametazama ukutani. "Hilo ni la marehemu na mimi. La kwako mwambie."

Kimya alirudi na uzi mweusi na uzi mweupe, vyote viwili. Nilimwendea kabla hajafika mezani.

"Nilikudanganya," nikasema. "Hazikuwa nyuzi. Niliangusha daraja, nikakisia mahali pake, nikaogopa kukwambia."

Alinyamaza kwa namna yake. Sikuwa nimewahi kuuogopa ukimya wake kabla ya siku ile.

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa kurudishwa."

Nililitamka mwenyewe, kwa sauti, ndani ya duka lile. Mjomba alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na alilisikia, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni.

Kimya alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ile miezi mitano. Macho yalikuwa yamemlegea kwa huzuni, na ndani ya huzuni hiyo niliona bado nimo. "Mimi sikuchukua risiti ya kurudishia," alisema mwishowe. "Lakini usinifanyie hivyo tena. Mimi nakuamini haraka."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama yake hakutungojea tumalize. Aliivisha besi mfuko wake wa pazia, akafunga kamba mafundo mawili, akamkabidhi mwanawe abebe. Akamshukuru mjomba. Kisha, akiwa ameshika kitasa cha mlango, akasema kwa sauti ile ile kavu aliyoingia nayo:

"Besi hii haitarudi hapa tena."

Akatoka. Kimya alinitazama, na kwa uso wake nilijua kwamba hata yeye hakutegemea. Akamfuata mama yake kwa kuwa alikuwa amebeba mzigo wake. Mlango ukajifunga. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimesema kweli, yote, hadi ya mafuta, na bado maji yalikuwa yamezidi unga. Mjomba aliniita polepole.

Ndipo nikaiona futikamba. Ilikuwa juu ya meza yangu, imekunjwa vizuri kwa duara, karibu na pasi ya kulehemu. Fundi cherehani kusahau futi ni sawa na mimi kusahau vidole. Niliinyakua nikakimbia nje. Walikuwa wameshavuka barabara, yeye mbele, mwanawe nyuma na ule mfuko mgongoni. Niliita mama, mama, nikavuka bila kutazama gari, mpaka pikipiki moja ikanipigia honi.

"Mama," nikasema, pumzi zimeniishia, "umesahau futikamba yako."

Alinitazama juu ya miwani, kisha akaitazama ile futi mkononi mwangu.

"Sijasahau," alisema. "Besi ikiharibika tena, iletwe dukani ya nini, mwanangu? Fundi wake si atakuwa nyumbani?"